Wenye heshima zao: nilichojifunza kwenye sinema za uhalifu za Kifaransa za zamani

Watu wengi wakisikia filamu ya uhalifu ya Kifaransa ya zamani wanawaza koti refu, kofia, sigara, mvua ya Paris na bastola. Vipo kweli, sikatai, ila mimi nimekaa na hizi filamu miaka kadhaa sasa na ninachokiona humo ndani ni majirani. Yaani maiti ipo, polisi wapo, mwizi yupo, lakini kamera muda mwingi inawaangalia wale wengine, mama wa duka, daktari, mke wa daktari, mwalimu, padri, watu wenye heshima zao mtaani, na ukimaliza kuangalia swali linalobaki kichwani siyo nani kaua, ni nani alinyooshewa kidole kabla hata uchunguzi haujaanza na kwa nini iwe yeye.

Nimezijulia kazini. Niko Lyon, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani, kuwaogesha, kuwapikia, kuwapa dawa kwa saa, kukaa nao. Bibi niliyekuwa nae muda mrefu nilimuita Madame kama wenyewe wanavyotaka huku, alizaliwa kabla ya vita, kichwa chake kizima kabisa ila miguu ilishakataa. Mchana baada ya kula hataki kulala, anataka sinema. Alikua na kabati zima la DVD na karibu zote ni za mauaji, manake marehemu mume wake alizipenda na yeye akarithi ugonjwa huo. Kifaransa changu wakati ule kilikua cha kununulia mkate, bas aliniwekea maandishi ya chini kwa Kifaransa hichohicho nisome huku nasikiliza, na kila baada ya muda anasimamisha anieleze huyu ni nani na kwa nini yule kanuna. Lugha nimejifunzia hapo, na hii nchi pia nimeijulia hapo kwa kiasi kikubwa.

Iliyonikamata kwanza ni Le Corbeau ya Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1943. Inaanza kwa kutuambia ni mji mdogo, hapa au pengine popote. Kuna dokta mgeni anaitwa Germain, mkali, hana urafiki na mtu, na siku moja barua zinaanza kuingia mjini zimesainiwa Kunguru. Zinasema dokta anatoa wanawake mimba, zinasema anatembea na mke wa daktari mwenzake, mzee mmoja mcheshi anaitwa Vorzet. Halafu zinahamia kwa wengine wote, fulani anaiba hela za hospitali, fulani mke wake yuko hivi, na kila barua ina uongo na ndani yake kuna kipande cha ukweli, hapo ndo sumu ilipo kwa sababu kila mtu akisoma ya mwenzake anasema mbona hili la pili ni kweli, basi na la kwanza litakua kweli. Kijana mmoja mgonjwa wa kansa anapata barua inayomwambia hatapona, anajikata shingo kwa wembe hospitalini.

Sasa mji unataka mtu. Wanamchagua nesi mmoja, Marie Corbin, mwanamke ambaye hakuolewa, ana maneno makali na sura ya kukunja, hapendwi. Tukio la kumfukuza sijawahi kulisahau, anakimbia peke yake kwenye mitaa mitupu na joho lake jeusi la unesi linapepea, umati wenyewe huuoni, unausikia tu kelele zake zinazidi kukaribia, anafika nyumbani anakuta wameshavunja kila kitu. Anakamatwa, mji unapumua, maadili yamerudi. Halafu kanisani, ibada inaendelea, watu wamejaa na nguo zao nzuri, barua moja inadondoka taratibu kutoka juu inaelea inaelea mpaka chini, na wote wale vichwa juu wanaiangalia. Nesi yuko jela na barua bado zinakuja. Na hakuna hata mmoja anayesema jamani tulimkosea yule mwanamke. Madame alisimamisha hapo akaniuliza umeona? nikadhani anaongelea barua, akasema hapana, angalia nyuso, hakuna aliyeona aibu.

Baadae wanaamua kuwakusanya washukiwa kwenye darasa la shule, wamekaa kwenye madawati kama watoto, wanaandikishwa imla kutoka kwenye barua zilezile kwa masaa na masaa mpaka mikono ichoke na mwandiko wa kweli utoke. Hii ilitokea kweli. Stori ya filamu ilichukuliwa kwenye kisa cha mji wa Tulle ambako kati ya mwaka 1917 na 1922 barua za namna hiyo ziliusumbua mji mzima, na mtaalamu aliyeitwa kuwaandikisha imla watu alikua Edmond Locard, huyu alikua wa hapahapa Lyon, ndo aliyeanzisha maabara ya polisi mwaka 1910. Aliyepatikana ni Angèle Laval, mwanamke aliyewahi kufanya kazi ofisi ya serikali ya mkoa, mtu wa kanisani, wa familia yenye jina zuri. Kabla kesi haijaisha yeye na mama yake walienda kujitosa kwenye maji, mama akafa, yeye akapona.

Naharibu mwisho wa filamu, mnisamehe, ina miaka zaidi ya 80. Anayesimamia ile imla darasani ni mzee Vorzet, mwenye hekima, mcheshi, anayependwa na wote, na ndo yeye. Barua za kwanza aliandika mke wake, yule mrembo mpole anayevaa kama mtakatifu, halafu mzee akachukua usukani. Na mwanamke ambaye mji mzima unamuita malaya, Denise, anayelala na Germain, anayechechemea mguu kwa ajali ya zamani na anajificha watu wasione, huyo Denise ndo mtu pekee ambaye hadanganyi. Anasema anachotaka, anasema anachoogopa. Clouzot anatupa muda mrefu wa kumdharau Denise kwanza, anatuonyesha amelala kitandani na kucha zake na rangi, halafu anatuacha na dharau yetu mkononi hatujui pa kuiweka.

Kuna tukio la taa ambalo wapenzi wa sinema wanalitaja sana. Vorzet na Germain wako darasani usiku, taa inaning'inia, mzee anaisukuma inabembea, mwanga unaenda huku giza linaenda kule, anamwambia wewe unadhani watu wema wako upande mmoja na wabaya upande mwingine, haya niambie giza liko wapi hapa na mwanga uko wapi. Germain anajaribu kuisimamisha kwa mkono anaungua. Nimeiangalia mara nyingi na kila mara kinachonigusa ni kwamba maneno ya kweli kabisa kwenye filamu nzima anayasema mwenye kosa, na anayasema kwa raha.

Ili uelewe uzito wa hii kitu ni lazima ujue mwaka wenyewe. 1943 Wajerumani wamekalia Ufaransa, serikali ya Vichy, ya Wafaransa walioshirikiana nao, inaimba Kazi, Familia, Taifa, maadili kila mahali, mwanamke akae nyumbani azae. Mwezi wa pili 1942 ilitoka sheria ya kufanya kutoa mimba kuwa kosa dhidi ya usalama wa dola. Tarehe 30 Julai 1943 walimkata kichwa kwa gilotini Marie-Louise Giraud, mama wa Cherbourg aliyekua anawatoa wanawake mimba, na yeye alichongewa kwa barua isiyo na jina. Miezi miwili baadae, mwishoni mwa Septemba, Le Corbeau inaingia kwenye majumba ya sinema Paris ikiwa na dokta anayesingiziwa jambo lilelile kwa njia ileile. Na huku serikali iliyojaa maadili inaishi kwa barua za wachongezi, huyu Myahudi kajificha pale, yule anasikiliza redio ya London. Nchi ilikua imejaa hizo barua.

Na walioitengeneza nao walikua na doa, siwezi kuficha. Filamu ilitengenezwa na Continental, kampuni ya Wajerumani pale Paris, mkuu wake alikua Alfred Greven. Vita vilipoisha Clouzot akahukumiwa, mwanzo wakasema hatafanya sinema maisha yake yote, baadae wakapunguza ikawa miaka miwili. Filamu ikapigwa marufuku. Magazeti ya wapigania ukombozi yakasema imewatukana Wafaransa, imewaonyesha kama watu waliooza. Waliomtetea walikuwepo, waandishi Sartre na Cocteau, mwongozaji Marcel Carné. Mimi naelewa hasira ya watu waliokua msituni wanapigana na risasi. Lakini shitaka la kwamba katukana taifa, hilo sikubaliani nalo hata leo. Wengi waliokerwa na kile kioo walikua wanaishi kwenye nyumba zilezile ambazo barua zilitoka.

Madame alikua mtoto kwenye mji mdogo wakati nchi inakombolewa, 1944. Aliona mwanamke ananyolewa nywele uwanjani. Walinyolewa wengi, wanahistoria wanakadiria wanawake kama 20,000 nchi nzima, wengine kwa kulala na Wajerumani, wengine kwa kuwafulia nguo, wengine kwa kusingiziwa tu. Aliniambia aliyekua ameshika mkasi alikua mwenye duka wa pale mjini ambaye miaka minne yote aliwauzia Wajerumani na alinenepa, na mama yake Madame alimfunika macho lakini akachungulia. Alikua akisimulia hayo anaongea haraka sana, halafu anasema weka Panique.

Panique ni ya Julien Duvivier, 1946, ameirudisha kamera Ufaransa baada ya kukaa Hollywood wakati wa vita, inatoka kwenye kitabu cha Simenon, mwandishi wa riwaya. Kuna bwana anaitwa Hire, anaigizwa na Michel Simon, mtu mzima, ndevu, anaishi peke yake hotelini, haongei na watu, anapiga watu picha, anapenda watoto zaidi kidogo kuliko majirani wanavyopenda apende. Jina lake la kweli ni Hirovitch na filamu inakuachia uelewe mwenyewe maana ya hilo mwaka mmoja tu baada ya vita. Mwanamke mmoja ameuawa mtaani, na muuaji ni kijana mtanashati anayekaa baa na wote, na demu wake anamsaidia kumsukumia Hire kesi.

Kuna sehemu ya vile vigari vya kugongana kwenye uwanja wa michezo. Hire kapanda kigari chake, na mwanzo ni mchezo wa kawaida, mmoja anamgonga, mwingine anamgonga, wanacheka, halafu unaona wote wamegeuza vigari vyao kwake, watoto na watu wazima, kutoka kila upande, na yeye kakaa katikati na kofia yake anajaribu kutabasamu ili ionekane naye anacheza. Hakuna aliyewaamrisha. Nilipoiona hiyo sikuweza kuongea kwa muda, manake lile tabasamu nalijua, nimelivaa mimi mwenyewe kwenye basi, kwenye foleni, kwenye ofisi, pale watu wanapokuchezea mchezo ambao wewe ndo mchezo wenyewe. Mwishoni umati unamfukuza mpaka juu ya paa, anaanguka, na kwenye vitu vyake inakutwa picha inayoonyesha muuaji wa kweli. Filamu haikupata watu ilipotoka, na sishangai, nani 1946 alitaka kulipa tiketi ajione kwenye ule umati.

Sasa nieleze la kwangu. Nilikua nimeshafanya kazi pale muda wa kutosha watu wa jengo wanijue, bonjour asubuhi, bonsoir jioni, mama mmoja wa chini alikua ananipa mpaka keki. Kampuni inayosimamia jengo ikapokea barua. Imechapwa, haina jina, haina saini. Inasema kwenye nyumba ya Madame Waafrika wanaingia na kutoka usiku, kuna vitu vya fedha vinabebwa kwenye mifuko, Madame ni mzee hajui kinachoendelea, na mwandishi anaandika kwa uchungu tu wa kumjali jirani yake. Waafrika wenyewe walikua mimi na dada mmoja wa Bukavu tunayepokezana nae zamu ya usiku, na mifuko ilikua nguo chafu za Madame za kupeleka kufua manake mashine yake ilikua imekufa.

Mtoto wa Madame alisomewa ile barua kwenye kikao cha wenye nyumba, na mimi nilikuwepo kwa sababu Madame alikataa kwenda bila mimi, nimemsukuma na kiti chake mpaka kwenye kile chumba cha chini. Nikawa naangalia nyuso, kama alivyonifundisha. Bwana mmoja akasema yeye hana ubaguzi ila. Mwingine akasema lazima tufikirie usalama wa wazee. Mama wa keki akaangalia viatu vyake. Mmoja akatoa wazo kwamba barua ipelekwe mahali iangaliwe nani kaiandika, watu watoe mfano wa maandishi yao, akaona amesema kitu cha haki kabisa, na hapo Madame akaongea kwa mara ya kwanza, akasema hapana, imla hatufanyi. Wengi hawakumuelewa. Akasema huyu binti ananiogesha, ana funguo zangu, anajua mwili wangu kuliko nyie mnavyojua jina langu, vitu vya fedha viko kwenye droo njooni mhesabu. Hakuna aliyeenda kuhesabu. Ile barua iliishia hapo na mwandishi hakujulikana, na mimi nikaendelea kupandisha ngazi zilezile na kusema bonjour kwa wote, mmoja wao akiwa ndo yeye.

Dada wa Bukavu nilimsimulia usiku, akaniambia "dada yangu, usilie, hawa wakikuchukia wanakuandikia, sisi tungekuja mlangoni." Na nikafikiria kwetu Tanga. Sisemi sisi ni malaika, umbea tunaujua na kusutana tunajua. Ila jirani akiwa na lake na wewe anajifunga khanga imeandikwa Hasidi hana sababu anapita mbele ya baraza yako polepole usome, na wewe kesho unajifunga ya kwako. Inauma, lakini sura unaiona. Ile barua haikua na sura, na mpaka leo ninachokiona kibaya zaidi kwenye barua ile ni ule mstari wa uchungu wa kumjali jirani. Uovu wenyewe naweza kuuzoea, ule mstari hapana.

Baada ya hapo nikaanza kuziangalia hizi filamu kwa jicho kali zaidi, hata zile ambazo Madame alikua hataki ziguswe. Manake unafiki hauko kwenye mji wa kwenye filamu tu, mwingine uko kwa waliotengeneza. Chukua hizi za majambazi wenye adabu. Touchez pas au grisbi ya Jacques Becker, 1954, Jean Gabin ni jambazi mtu mzima, ana nyumba ya siri yenye pijama safi na miswaki ya wageni, anamkaribisha rafiki yake wanakula kwa utulivu, urafiki wa wanaume umeonyeshwa vizuri mno mpaka unatamani uwe nao. Na huyohuyo Gabin anawazaba wanawake makofi na filamu haishtuki hata kidogo, muziki unaendelea. Du rififi chez les hommes ya Jules Dassin, 1955, ina lile tukio maarufu la kuiba, karibu nusu saa hakuna neno wala muziki, unasikia pumzi na patasi tu, ni kazi ya fundi kweli. Lakini mwanzo wake Tony ametoka jela, anamtafuta demu wake wa zamani, anamvua na kumchapa mkanda, halafu tunatakiwa tumhurumie Tony mpaka mwisho kwa sababu ana kanuni. Nilimwambia Madame kanuni gani hizi ambazo zinalinda wanaume tu, akanijibu ndivyo ilivyokua, nikamwambia ndivyo ilivyokua haitoshi. Tukanuniana mpaka chai.

Ila hiyo Rififi ina upande mwingine ambao lazima niuseme kwa haki. Dassin alikua Mmarekani, 1951 wenzake wa sinema walimtaja mbele ya kamati ya bunge kwamba ni mkomunisti, akakosa kazi Hollywood, akahangaika miaka mpaka Wafaransa wakampa hii. Kwenye kitabu wale wabaya walikua watu wa Afrika Kaskazini, na mwaka ule vita vya Algeria vilikua vimeshaanza, Dassin akakataa, akawabadilisha. Na yeye mwenyewe akaigiza nafasi ya César, fundi wa kufungua sefu, ambaye anabanwa anawataja wenzake, na Tony anamwambia nilikupenda lakini sheria unazijua, anampiga risasi. Mtu aliyetajwa anajipa nafasi ya mtajaji na anajiua mwenyewe kwenye skrini. Tamasha la sinema la Cannes wakampa tuzo ya uongozaji mwaka huohuo.

Pépé le Moko ndo iliyonikera kuliko zote na ndo Madame aliipenda kuliko zote kwa sababu ya uzuri wa Gabin. Duvivier huyohuyo, 1937. Jambazi wa Paris kajificha Casbah, mji mkongwe wa Algiers. Casbah yenyewe kwa sehemu kubwa imejengwa studio Ufaransa, na Waalgeria ni mapambo, wanapita nyuma na makanzu yao na punda. Inès, mwanamke wa Casbah anayempenda Pépé, kaigizwa na Mfaransa aliyepakwa rangi. Polisi mwenyeji, Slimane, mjanja, mpole, anayetabasamu tabasamu, aliyemuigiza naye si mtu wa kule. Duvivier aliyeuona umati wa Panique kwa macho makali namna ile, miaka tisa kabla alikua Algiers, au tuseme kwenye Algiers yake ya mbao, na hakumuona mtu. Hilo sijaweza kulimeza, na sitaki kulimeza.

Za mahakamani nitasema moja. La Vérité ya Clouzot, 1960, Brigitte Bardot amemuua mpenzi wake na anahukumiwa, na ukisikiliza vizuri mauaji yanazungumzwa kidogo, mengi ni kalala na nani, alivaa nini, kwa nini hakwenda shule kama dada yake. Mawakili wawili wanararuana mbele ya watu halafu pembeni wanaongea kama wenzake wa ofisi moja, na mwanamke yule akishajikata mkono na kioo selo, wao tayari wanafikiria kesi inayofuata. Na za Claude Chabrol ndo zinaenda mpaka chumbani kwa matajiri. Juste avant la nuit, 1971, mume wa familia nzuri anamuua mwanamke aliyekua anatembea nae, mke wa rafiki yake, halafu dhamiri inamla anataka kukiri, anamwambia mke wake, mke anasamehe, anamwambia rafiki aliyefiwa, rafiki anasamehe. Wote wanasamehe kwa sababu polisi wakija nyumba nzuri itaharibika. Kwa maskini tunaona umati unapanda paa, kwa tajiri tunaona watu wanashusha mapazia na kumwambia mwenye kosa anyamaze alale.

Nimeiacha makusudi Quai des Orfèvres mpaka hapa. Ni ya 1947, filamu ya kwanza ya Clouzot baada ya kutoka kwenye adhabu, mwaka uleule Le Corbeau nayo ikaachiwa. Ungetegemea mtu aliyefungiwa arudi na hasira au arudi na kitu salama cha kuwafurahisha wakubwa. Karudi na mwimbaji wa kumbi za usiku, Jenny Lamour, anayejirahisisha kwa mzee tajiri mchafu ili apate kazi ya filamu, na mzee anauawa. Karudi na Dora, mpiga picha, mwanamke anayempenda Jenny kimyakimya, na hakuna mtu kwenye filamu anayemcheka kwa hilo. Inspekta Antoine, anaigizwa na Louis Jouvet, mchovu, koti limechakaa, ndo anayemwambia Dora kwa upole kwamba yeye na Dora ni watu wa aina moja, kwa wanawake hawatakuja kuwa na bahati. Mwaka 1947! Na huyu Antoine aliwahi kutumika makoloni, akarudi na mtoto wa kiume chotara anamlea peke yake. Kesi ya mauaji inaendelea na yeye anawaza mtoto kafeli jometri. Hajaelezwa kama tatizo, hajaelezwa kama wema wa mzungu, ni mtoto wake na ana mtihani. Nilipomuona yule mtoto kwenye skrini baada ya ile Casbah ya mbao nilikaa vizuri kwenye kiti. Simulizi haimpi maneno mengi, na ningependa angepewa, lakini yupo na baba yake anamuona. Tamasha la sinema la Venice walimpa Clouzot tuzo ya uongozaji kwa filamu hii.

Na kuna dereva teksi. Usiku wa mauaji alimbeba Dora, polisi wanamtaka amtambue na yeye hataki, anazungukazunguka, anasema haoni vizuri, wanambana mpaka hana pa kutokea. Analetwa anasimama mbele ya Dora, anamtazama usoni, anasema ndiye, halafu anamuomba msamaha, samahani madame, hawakuniachia njia. Anayeigiza huyo dereva ni Pierre Larquey, yuleyule aliyekua mzee Vorzet mwaka 1943.